Udongo uliomiminwa mara mbili

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mpiga picha, niko Kilosa. Mwezi uliopita nilipewa kazi ya kupiga picha wanakijiji wakikabidhiwa hati za kimila za mashamba yao. Ukumbi ulikuwa na giza, madirisha yote yako nyuma ya meza kuu, kila niliyempiga akatoka kivuli kitupu. Nikamwomba mama mmoja na mgeni rasmi watoke nje warudie kupeana ile hati. Wakakubali, picha ikatoka vizuri, na ndiyo iliyochaguliwa. Sasa mwenzangu kwenye fani ananiambia nimeghushi tukio, na kwamba hata ile picha maarufu ya Australia, ya Waziri Mkuu akimmiminia mzee udongo mkononi, ni ya kuigiza. Je, ni kweli? Aliyeipiga ni nani, na kwao anaheshimiwa au analaumiwa? Naomba unijibu kwa urefu, maana jambo hili limeninyima usingizi.

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nisikuweke roho juu: ni kweli, udongo ule ulimiminwa mara mbili, na picha inayojulikana ni ya mara ya pili. Mpiga picha ndiye aliyeomba irudiwe. Hakulificha jambo hilo, amelisimulia mwenyewe hadharani kwa miaka mingi. Anaitwa Mervyn Bishop, na kwao anaheshimiwa sana. Lakini nikiishia hapo nitakuwa nimekupa fimbo ya kumchapia mwenzako tu. Ili uone kwa nini mimi namwona hana kosa, na kwa nini wewe nakutetea nusu tu, inabidi umjue mtu huyu alikotoka.

Bishop alizaliwa Julai 1945 Brewarrina, mji mdogo ulio kaskazini magharibi mwa jimbo la New South Wales, mwendo wa karibu kilomita 800 kutoka Sydney. Mto Barwon unapita hapo, na ndani ya mto kuna mitego ya samaki ya mawe, kuta zilizopangwa kwa mikono na wenyeji tangu enzi ambazo hakuna aliyeziandika. Baba yake, aliyejulikana kwa jina la Minty, aliwahi kuwa askari na alikuwa mkata manyoya ya kondoo. Minty mwenyewe upande wa mama yake alikuwa Mwaborijini, yaani wa wenyeji wa asili wa Australia, na upande wa baba yake Mpunjabi wa India. Wakati huo Waaborijini wa New South Wales walikuwa chini ya bodi ya serikali iliyokuwa na mamlaka juu ya makazi yao, mwenendo wao, hata watoto wao. Mwaka 1950 Minty alipata cheti cha kumwondoa kwenye masharti hayo, na familia ikaweza kuishi mjini kama watu wengine. Waaborijini wenyewe waliviita vyeti hivyo leseni za mbwa. Fikiria mtoto wa miaka 5 anakulia katika nyumba ambayo haki yake ya kuwa pale imeandikwa kwenye karatasi ya ofisini. Huyo ndiye atakayekuja kusimama mbele ya mzee aliyeshika karatasi nyingine, miaka 25 baadaye.

Kamera ya kwanza aliyoishika ilikuwa ya mama yake, aliyekuwa akipiga picha za familia. Baadaye kijana akapata yake, ya Kijapani, na usiku akawa anawaonyesha ndugu na majirani slaidi uani kwao. Mambo ya namna hiyo huwa sisomi haraka haraka. Wapiga picha wengi wetu tulianza kwa kuona picha za watu wengine kwenye magazeti. Huyu alianza kwa kupiga watu wa nyumbani na kuwaonyesha haohao, wakajiangalia wakiwa wamekaa pamoja. Kama amekosea kumpiga shangazi, shangazi yupo hapo hapo na atasema.

Akiwa na miaka 14 aliondoka kwenda Dubbo kusoma sekondari. Mwaka 1963 akaajiriwa na gazeti la The Sydney Morning Herald kama mpiga picha mwanafunzi, na kwa hiyo akawa Mwaborijini wa kwanza Australia kufanya kazi ya picha za magazeti. Mafunzo yalichukua miaka 4, huku akisomea cheti cha upigaji picha katika chuo cha ufundi cha Sydney. Wewe umeanzia kwenye kadi ya kumbukumbu, hujui ilivyokuwa. Mwanafunzi wa picha wakati ule aliishi chumba cha giza, mikono inanuka dawa, anasafisha filamu za wakubwa wake kabla hajaaminiwa kutumwa hata kwenye maonyesho ya mbwa. Mimi nimepita huko, na kitu kimoja nilichokipata ni kwamba unajua makosa ya kila mkubwa ofisini, kwa sababu negativu zote zinapita mikononi mwako. Unamwona aliyepiga mara 30 akapata moja, na unamwona aliyepiga mara 3 akapata moja.

Nchi ilikuwa inabadilika. Mei 1967 Waaustralia walipiga kura ya maoni, na zaidi ya asilimia 90 wakakubali katiba ibadilishwe ili serikali kuu iweze kutunga sheria kwa ajili ya Waaborijini, na wahesabiwe katika idadi ya watu wa taifa. Bishop alikuwa na miaka 21 wakati huo, kijana wa Kiaborijini ndani ya chumba cha habari cha gazeti kubwa, akitumwa kila siku kupiga wanasiasa, michezo, ajali na harusi za matajiri.

Halafu ikaja mwaka 1971 na picha ya yule mtawa. Hiyo itafute uiangalie kabla hujaendelea kusoma. Mtawa wa Kikatoliki, kavaa nguo nyeupe, anakimbia kuelekea hospitali ya St Margaret's pale Sydney, amembeba mtoto aliyeaminika kuwa amekunywa dawa kupita kiasi. Shela yake imepeperuka nyuma. Mguu mmoja uko hewani. Mtoto amelala kwenye mikono yake, kichwa kimeachia. Uso wa mtawa una hofu kabisa, hofu ya mtu aliyesahau kwamba ana uso. Picha ilipewa jina linaloeleweka kama mbio za uhai na mauti, na kwa picha hiyo Bishop akatangazwa Mpiga Picha Bora wa Habari Australia wa mwaka 1971.

Mimi huwa nairudia sana darasani, kwa sababu kuna jambo jingine ndani yake. Katika nchi hiyo, kwa miongo mingi, serikali na makanisa walikuwa wakiwachukua watoto wa Kiaborijini kutoka kwa mama zao na kuwalea kwenye vituo. Mtazamaji anayeijua habari hiyo akiona nguo ya utawa na mtoto mikononi, moyo wake unakwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Mtawa yule alikuwa anaokoa, hilo halina shaka. Lakini picha inabeba na yale ambayo mpiga picha hakuyapanga, na aliyesimama nyuma ya kamera siku ile alikuwa mtu wa jamii iliyochukuliwa watoto.

Sasa jiulize: picha ile ingerudiwa? Bishop angemwambia mtawa, samahani, rudi pale ukimbie tena? Haiwezekani, na si kwa sababu ya muda tu. Kuna mambo ambayo ukiyarudia hayapo tena, unabaki na maigizo. Hofu hairudiwi, wala kilio. Liweke hili mahali, nitalirudia.

Baada ya tuzo alitarajia kupanda cheo. Hakupanda. Mwaka 1974 akaliacha gazeti, akaenda Canberra kufanya kazi katika Idara ya Mambo ya Waaborijini, wizara mpya iliyoanzishwa na serikali ya Waziri Mkuu Gough Whitlam iliyoingia madarakani mwishoni mwa 1972. Hapo ndipo, kwa maoni yangu, maisha yake ya kazi yanapoanza kwa maana kubwa zaidi. Gazetini alikuwa anapelekwa kwenye tukio na kurudi kabla ya saa kumi. Idarani akawa anasafiri bara zima, anakaa vijijini, anapiga shule za chekechea, basi la shule, watoto wanaochezea maji mtoni kule Mumeka. Tazama zile picha za watoto wa mtoni za 1975 na utaona mtu aliyekulia kando ya mto.

Twende kwenye udongo. Ili uuelewe lazima urudi nyuma miaka 9. Agosti 1966, katika ranchi ya Wave Hill huko Northern Territory, wachunga ng'ombe wa kabila la Gurindji wakiongozwa na Vincent Lingiari waliacha kazi, wakaondoka na wake zao na watoto, kiasi cha watu 200. Ranchi ilikuwa ya kampuni ya Vestey, ya tajiri wa Kiingereza. Malipo yao yalikuwa madogo mno kulinganisha na ya wazungu waliofanya kazi ileile, na makazi yao yalikuwa ya kudhalilisha. Wengi walidhani ni mgomo wa mishahara. Mwaka uliofuata walipohamia Wattie Creek, mahali wanapopaita Daguragu, na kuanza kujenga, ikadhihirika wanadai ardhi yao. Walikaa hapo mwaka baada ya mwaka, wakiandika barua, wakisafiri mpaka miji ya kusini kuomba kuungwa mkono.

Tarehe 16 Agosti 1975 Whitlam akaenda mwenyewe. Kampuni ilikuwa imekubali kuachia sehemu ya ardhi, kilomita za mraba zipatazo 3,200. Waziri Mkuu akamkabidhi Lingiari hati, kisha akachota ukufi wa udongo na kuumimina katika kiganja cha mzee, akitamka kwamba ardhi hiyo itakuwa yao na watoto wao milele. Wazo la kutumia udongo lilikuwa limetoka kwa mshauri wake, Nugget Coombs. Sisi tuliokua na picha ya Baba wa Taifa akichanganya udongo wa Tanganyika na Zanzibar mwaka 1964 hatuhitaji kufafanuliwa uzito wa jambo hilo.

Shida ni kwamba lilifanyika kivulini. Jua la kule mwezi wa Agosti ni la kiangazi, anga haina wingu, na ukisimama ndani ya kivuli ukiangalia nje, kila kitu cha nje kinaungua kwa weupe. Filamu ya rangi ya wakati ule haikuwa na uvumilivu wa kamera yako ya leo: ukipima mwanga kwa ajili ya nje, watu wa kivulini wanakuwa weusi kama mkaa, ukipima kwa ajili ya watu, anga inapotea. Na hakuna skrini ya kuangalia nyuma ya kamera. Unarudi Canberra, filamu inasafishwa, ndipo unajua kama una historia mkononi au huna kitu.

Bishop akaona hana picha. Akaomba wasogee nje, wakarudia. Mwajiriwa wa serikali, mwenye miaka 30, anamwambia Waziri Mkuu wa nchi asimame pale juani amimine tena. Mimi nakiri ujasiri huo unanigusa kuliko picha yenyewe.

Wakasimama. Whitlam, mtu mrefu karibu mita 2, na suti yake katika vumbi lile. Nyuma yao anga ya buluu isiyo na doa. Udongo mwekundu unateremka kutoka kiganja kimoja kuingia kingine, na kamera imeukamata ukiwa bado hewani. Kwenye mkono wa pili Lingiari ameshika karatasi. Hakuna mtu mwingine, hakuna maikrofoni, hakuna kundi la wanahabari. Ni watu wawili, anga na udongo tu; hata mtu asiyejua kusoma anaelewa kuna kitu kimetoka kwa huyu kwenda kwa yule.

Basi, je, ni ya kuigiza? Nakwambia hapana, na sababu zangu ni hizi.

Kumimina udongo tangu mwanzo ilikuwa sherehe. Sherehe hufanywa ili ionekane; ndiyo kazi yake. Bibi harusi akivalishwa pete mara ya pili kwa sababu taa ilizimika, ndoa haijaghushiwa. Watu ni walewale, udongo ni uleule, siku ni ileile, na wote wawili walikubali wakijua wanachokifanya. Kitendo kilikuwa kimeshatokea kwa haki yake kabla kamera haijaomba. Na baada ya hapo Bishop hakudai kwamba aliinasa papo hapo. Hilo la mwisho mimi nalipa uzito mkubwa zaidi, maana ndipo wengi wetu tunapoanguka.

Nikupe mfano wa upande wa pili, wa nchi hiyohiyo. Mwaka 1966 David Moore, naye ni mpiga picha mkubwa wa Australia, alikuwa bandarini Sydney meli Galileo Galilei ikitia nanga. Akawapiga abiria waliobanana kwenye ukingo wa meli, mmoja ameinua mkono, nyuso zina wasiwasi na matumaini. Hakumpanga mtu, hakumwomba yeyote arudie. Picha ikaitwa ya wahamiaji wakiwasili Sydney, ikawa kama nembo ya taifa lililojengwa na wageni. Miaka mingi ikapita ndipo ikajulikana kwamba baadhi ya waliomo hawakuwa wahamiaji kabisa. Walikuwa watu wa Sydney wanarudi nyumbani kutoka safarini. Moore hakudanganya kwa kusudi, na picha ni nzuri mno. Lakini umeona? Ile iliyorudiwa inasema kweli, na ile isiyoguswa ina maneno yasiyo kweli chini yake. Mwenzako anakagua kamera, mimi nakuomba ukague maelezo ya picha.

Sasa nikuambie kosa langu, kwa sababu sitaki usome hapa ukadhani kurudia ni ruhusa ya jumla. Nikiwa kijana gazeti moja lilinituma kwenye mafuriko. Nilifika nimechelewa. Nikamkuta mama ameshavuka maji yaliyomfika kiunoni, godoro kichwani, amelitua ukingoni anahema. Nikamwomba arudi. Nilimwomba kwa heshima zote, nikamwita mama, nikamwambia ni dakika moja tu. Akanitazama, akalinyanyua godoro lililoloa, akarudi majini. Picha ilitoka ukurasa wa mbele. Sikuwahi kumwambia mhariri, na maelezo yalisema mkazi akiokoa mali yake. Yule mama alikuwa ameshaiokoa mali yake. Nilichokipiga mimi ni mama aliyechoka akimtii kijana mwenye kamera. Ni zaidi ya miaka 30 na bado nikiona godoro limeanikwa juani namkumbuka.

Sherehe na mateso havifanani. Ndiyo maana nilikuambia uiweke akilini picha ya mtawa. Bishop yuleyule aliyemtoa Waziri Mkuu kivulini, mwaka 1971 aliinua kamera na kupiga kilichokuwepo, na kama kingempita kingempita.

Kuna jambo la pili kuhusu picha ya udongo ambalo ni zito kuliko hili la kurudia, na ndilo ninalotaka likunyime usingizi badala yake. Angalia nani yuko juu na nani yuko chini. Mkono unaotoa uko juu, mkono unaopokea uko chini, na anayetoa ni mzungu mwenye suti. Mtu asiyejua habari ataondoka akiamini kwamba mkubwa mmoja mwema alimpa mzee maskini ardhi. Ukweli ni kwamba Gurindji waliidai kwa miaka 9, wakalala kwenye mabanda, wakakataa kurudi kazini. Na hata ile hati aliyoshika Lingiari, pamoja na neno milele lililotamkwa, ilikuwa ya upangaji tu. Chini ya miezi 3 baadaye, tarehe 11 Novemba 1975, Gavana Mkuu, mwakilishi wa Malkia wa Uingereza, alimwondoa Whitlam madarakani. Sheria ya haki za ardhi ya Northern Territory ilipita mwaka 1976 chini ya serikali iliyofuata, na Gurindji wakapata umiliki kamili wa Daguragu mwaka 1986. Lingiari alifariki 1988.

Simlaumu Bishop kwa hilo. Alikuwa mpiga picha wa serikali, serikali ilitaka picha ya kukabidhi, naye akapiga picha bora ya kukabidhi iliyowahi kupigwa nchini mwake. Lakini picha moja haiwezi kubeba miaka 9. Zinazobeba ni zile nyingine, za maisha yake yote, ambazo watu hawazitundiki ukutani.

Alirudi The Sydney Morning Herald mwaka 1979, akakaa mpaka 1986, kisha akajitegemea na kufundisha vijana wa Kiaborijini katika vyuo vya Tranby na Eora pale Sydney. Mwaka huo wa 1986 picha zake zilikuwa katika maonyesho ya Sydney yaliyowakusanya wapiga picha wa Kiaborijini na wa visiwa vya Torres Strait. Mwaka 1988, Australia nzima ilipokuwa inasherehekea miaka 200 tangu Waingereza watue, yeye alikuwa Burnt Bridge, makazi ya Waaborijini karibu na Kempsey, na alipiga picha ya mwanamke amesimama karibu na waya wa umeme uliolala majini. Ndiyo hiyo, waya na maji na mtu. Hakuna anga ya buluu. Hakuna mgeni rasmi. Nchi inafyatua fataki, na huyu anatuonyesha nyumba ambayo inaweza kumuua mtu akienda kuchota maji.

Maonyesho yake ya kwanza ya peke yake yalikuja mwaka 1991, Sydney, yakiwa na kazi ya miaka 30, na aliyeyaandaa ni Tracey Moffatt, msanii wa picha aliyetoka kizazi kilichofuata. Hebu pima: tuzo ya taifa 1971, maonyesho ya kwanza 1991. Miaka 20 katikati. Mwaka 2000 akapewa tuzo ya Red Ochre, ambayo baraza la sanaa la Australia huwapa wasanii wa Kiaborijini na wa Torres Strait kwa kazi ya maisha. Na mwaka 2004 alipanda jukwaani katika jumba la Sydney Opera House, mbele ya watu, picha zinaonyeshwa kwenye kitambaa nyuma yake, naye anasimulia kila moja ilipigwa vipi na aliyemo ni nani kwake. Ni mwana wa Brewarrina yuleyule na slaidi zake, ila ua umekuwa mkubwa.

Jambo moja la mwisho kuhusu watu wake, kwa sababu wewe unapiga watu na watu hufa. Kwa jamii nyingi za Waaborijini, kulitaja jina la marehemu au kuonyesha sura yake kipindi cha msiba ni kuwaumiza waliobaki. Ndiyo maana huko utakuta onyo mwanzoni mwa filamu na kwenye milango ya makumbusho. Mwaka 2000 alipofariki mpigania haki Charles Perkins, katika mazishi yake ya kitaifa jina lake la kwanza liliwekwa kando, akaitwa Kwementyaye, jina linalotumika badala ya jina la mtu aliyefariki. Bishop alikuwepo siku hiyo na kamera, na picha aliyoipiga ya mwimbaji Jimmy Little kwenye mazishi hayo inatunzwa kwa jina hilohilo. Mpiga picha anayezijua desturi za wenye msiba hata jina la picha yake analiandika kwa adabu.

Turudi Kilosa. Ulichokifanya hakikuwa ghushi. Kupeana hati ni sherehe, mama alikuwa ameshapewa, alikubali kutoka nje. Lakini umesema "ndiyo iliyochaguliwa," na hukuniambia maelezo yake yaliandikwaje. Kama yanasema "akikabidhiwa hati katika ukumbi wa kijiji," yabadilishwe. Andika kwamba picha ilipigwa nje ya ukumbi mara baada ya makabidhiano. Ni maneno machache, hayapunguzi chochote, na mwenzako hatakuwa na la kusema. Andika pia jina la mama kama anaridhia, maana nina uhakika jina la mgeni rasmi lipo.

Halafu nakupa kazi. Rudi kwa yule mama siku isiyo na sherehe. Mwombe akupeleke kwenye shamba lenyewe, akuonyeshe mpaka unapita wapi, ni mti gani au jiwe gani. Mpige akiwa amesimama hapo, bila mkubwa yeyote pembeni. Usimwambie afanye chochote. Ukichelewa jambo, umechelewa. Chapisha picha zote mbili kwenye karatasi, ya hati na ya shamba, nyuma uandike kwa kalamu tarehe, mahali na majina, umpelekee. Akae nazo nyumbani, wajukuu wazishike, waseme walichonacho. Kisha niandikie alisema nini alipojiona.